Barua ya wazi: Tuambieni ni wapi hasa kamera ni marufuku

Kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, Kamanda wa Polisi wa Kanda Maalumu, na Waziri mwenye dhamana ya Maliasili na Utalii.

YAH: KUPIGA PICHA MAJENGO NA MITAA YA MJI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mnisamehe kwa kuanza hivyo. Nimeandika barua za kiofisi zaidi ya miaka thelathini, sentensi hiyo hunitoka yenyewe kama kikohozi. Sasa nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa kuchora ramani za majengo, tangu enzi za kalamu ya wino na karatasi ya kupitisha mwanga mpaka kompyuta ilipotukuta tumeshachoka. Wenzangu wengi wakistaafu hufuga kuku, na mke wangu hunikumbusha jambo hilo kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi anaponiona navaa raba.

Jumapili ndiyo siku yangu. Napanda mwendokasi, nashuka Kisutu au Posta ya Zamani kutegemea nilipoishia juma lililopita, kisha natembea. Nina kamera ndogo aliyoniachia mwanangu alipohama, na simu ya mkononi kwa ajili ya kunukuu jina la mtaa na upande wa barabara. Napiga roshani, milango, nondo za madirisha, ngazi za nje, mabomba ya maji ya mvua yaliyosubiwa zamani yakiwa na maua kwenye shingo. Asubuhi ile mitaa ya Uhindini haina magari, na jua linalotokea upande wa bahari linapita kimshazari juu ya kuta, kila ufa na kila nakshi vinajichora vyenyewe. Ikifika saa tatu jua limepanda, kuta zimekuwa bapa kama karatasi, nami naenda kunywa chai.

Sipigi picha za watu bila kuwaomba. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu najua ndilo mtakaloniuliza.

Sasa niwasimulie nyumba moja. Ilikuwa ghorofa moja, duka chini, familia juu, kama zilivyo nyingi za upande ule. Roshani yake ya mbao ilikuwa imeinamia barabara kidogo, kama bibi anayechungulia nani anapiga hodi. Kileleni, juu ya dirisha la katikati, palikuwa na jina la mwenye nyumba kwa herufi za saruji, na chini yake mwaka wa kujengwa. Tarakimu 1 na 9 zilikuwa zimesimama vizuri. Ya mwisho ilikuwa 3, haina ubishi. Ile ya tatu ndiyo ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, ikabaki kama ndoana: ingeweza kuwa 2, ingeweza kuwa 3.

Kwa mtu wa kawaida hilo si jambo. Kwa mtu wa kazi yangu, kati ya 1923 na 1933 pana mji mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waingereza walikuwa wanapiga mnada mali za Wajerumani walioshindwa vita, na wafanyabiashara wa Kihindi walinunua nyingi. Ukikuta nyumba ya 1923 unajiuliza kama msingi wake si wa Mjerumani. Miaka kumi baadaye hali ni nyingine: saruji imezoeleka, mistari imenyooka, kona zinaanza kuviringwa. Nilitaka kuikuza ile tarakimu kwa lenzi, jua likiwa pembeni, niimalize hoja.

Nimeshapiga picha kadhaa, nikasikia, "Mzee! We mzee! Unapiga nini hapo?"

Alikuwa mlinzi wa jengo jipya la ng'ambo ya barabara, ambalo sitalitaja. Nikamwambia napiga hiyo nyumba ya zamani.

"Una kibali?"

"Kibali cha nani, mdogo wangu?"

Akafikiri. "Cha serikali."

"Ya mtaa au kuu?"

Hapo nilikosea. Swali lilikuwa la haki, lakini mlinzi aliyesimama usiku kucha hapendi kuulizwa maswali ya haki. Akaita mwenzake. Akaja mtu wa tatu, mwenye shati la kiraia, hakujitambulisha, akasema hapa ni eneo nyeti. Nikauliza ni nyumba ipi iliyo nyeti, ile ya zamani au hii mpya ambayo sikuipiga. Akasema, "Mzee, usibishane. Futa." Nikafuta. Picha kumi na moja, yeye mwenyewe akihesabu kwa kidole juu ya kioo cha kamera. Kisha akaniomba ya maji. Nikampa elfu mbili, na kwa hilo najilaumu mwenyewe mpaka leo.

Wiki sita baadaye nilirudi. Mabati ya bluu yalikuwa yamezunguka kiwanja, na juu ya mabati palikuwa na anga tupu. Pembeni kijana amesimamisha mkokoteni, amepakia vijiti vya ile roshani, vile vilivyokerezwa, anawapelekea mama ntilie kuni. Nilinunua kimoja kwa shilingi mia tano. Kipo mezani hapa ninapoandika. Kina urefu wa sentimita 62, shingo mbili na tumbo moja, na aliyekikereza hakuwa na papara, kwa sababu pete za shingoni zimelingana mpaka ukizipitisha ukucha huoni tofauti. Nimekwangua rangi kwa kisu upande mmoja: kijani, chini yake rangi ya maziwa, chini yake buluu ya mbingu, chini yake tena kijani, kisha mbao nyekundu. Watu wamepaka nyumba ile mara nne angalau, kwa Idi au Diwali au harusi, nani ajuaye. Nina kijiti. Mwaka sina.

Mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuvunja kilicho chake, sitaki kumgusa. Wala sipingi maghorofa. Nimechora mengi, yamenisomeshea watoto. Ninachouliza ni kidogo zaidi: ni sheria gani ilinizuia kuipiga picha, nikiwa nimesimama kwenye njia ya waenda kwa miguu ya barabara ya umma?

Nimetafuta. Nijuavyo, kibali cha kutengeneza filamu kipo, na kimesimama juu ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Mimi sitengenezi filamu. Kuna sheria ya mwaka 1969 kuhusu maeneo yanayolindwa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Hizo ndizo zinazotajwa kwa mdomo kila mtu akikamatwa na kamera, ingawa sijakutana na mlinzi hata mmoja aliyewahi kuzisoma.

Na nawaambia kweli, sheria hizo siwezi kuzicheka. Anayezicheka hajui miaka ile. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapa tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Rhodesia na Angola walikuwa wanaishi miongoni mwetu, wananunua mkate kwenye maduka yetu. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, alifungua kifurushi hapa hapa Dar es Salaam, kikamlipukia, akafa. Tulikuwa mji wa mstari wa mbele. Tulipofundishwa JKT kwamba mtu mwenye kamera karibu na daraja lazima aulizwe, tulielewa bila kuambiwa mara mbili. Na tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, wale waliokuwa wameanza kusahau wakakumbushwa.

Kwa hiyo sisemi Ikulu ipigwe, au kambi za jeshi, au gereza, au geti la bandari. Nasema kwamba sheria zenyewe zimejengwa juu ya neno moja: eneo. Eneo linatangazwa, lina mipaka, lina jina. Mtaani, neno hilo limeyeyuka. Limekuwa kila mahali alipo mtu mwenye sare na rungu. Benki ni nyeti, sawa. Duka la simu nalo ni nyeti. Jengo la ofisi za kupangisha ni nyeti. Siku moja karibu na Mnazi Mmoja niliambiwa mti ni nyeti. Nilikuwa napiga mkungu uliokuwa umenyanyua vigae vya njia kwa mizizi yake.

Na huku mlangoni tunakaguana, paa limeachwa wazi. Yeyote mwenye simu anaweza kufungua picha za setilaiti akaliona paa la jengo lolote mjini, hata akiwa Toronto. Tangu 2015 vijana wa Ramani Huria, wengi wao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam, wamezunguka mitaa ya mji huu na simu, wengine wakirusha droni, wakichora mifereji na vichochoro vya Tandale na mabonde ya Msimbazi ili tujue mafuriko yatampata nani. Kazi nzuri mno, na wakubwa waliibariki. Basi mnaelewa vizuri kwamba kuujua mji si kuuhujumu. Ujumbe huo haujashuka tu mpaka kwa kijana wa getini.

Niwaambie jambo jingine linaloniuma kuliko lile la kufutiwa.

Mtu akitaka kuona Dar es Salaam ya mababu zake ilivyokuwa, anakwenda wapi? Mjerumani Walther Dobbertin alizipiga picha nyingi za nchi hii kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ziko Nyaraka za Taifa za Ujerumani. Mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Evanston, jimbo la Illinois. Nashukuru vimewekwa kwenye intaneti. Nimekesha navyo usiku mwingi, umeme ukiruhusu. Nimeona mtaa uliokuwa Acacia Avenue, ukaja kuwa Independence Avenue, leo ni Samora, ukiwa na kivuli cha miti kila upande na baiskeli mbili. Lakini zitazameni picha zile kwa utulivu. Ni mji wa aliyeshika kamera. Boma, kanisa, hoteli, gati, mzungu kwenye riksho. Uswahilini akienda, anapiga "wenyeji mbele ya kibanda", bila jina la mtu, bila jina la mtaa.

Zetu wenyewe ziko wapi? Idara ya Habari MAELEZO wana hazina, na nilizobahatika kuziona ni nzuri, ila nyingi ni za viongozi na sherehe: nyumba hutokea nyuma kwa bahati mbaya, imekatwa nusu na bendera.

Hata nyumbani kwetu ni hivyo hivyo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na nyumba Kariakoo, mtaa wa Mchikichi, nyumba ya Kiswahili kamili: korido katikati, vyumba sita, vitatu kila upande, uani nyuma na baraza mbele. Humo nimezaliwa. Ilivunjwa miaka mingi iliyopita, leo pana ghorofa la nguo za jumla. Tulipokaa ukoo mzima kutafuta picha ya nyumba ile, hatukupata hata moja. Zilipatikana picha za harusi. Katika ile iliyo bora shangazi yangu amesimama mlangoni na shela, na nyuma ya bega lake la kushoto inaonekana robo ya mlango, komeo, kipande cha baraza la saruji nyekundu iliyosuguliwa, na ndala za mtu asiyejulikana. Nimekaa na picha hiyo na kioo cha kukuzia, nikajaribu kupata upana wa mlango kwa kupima kiganja cha shangazi. Nilipata kama sentimita 95 kwa mbao zote mbili zikiwa wazi. Shangazi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa anacheka: "Wewe katika harusi yangu unatazama komeo?"

Nchi nzima tunatazama komeo nyuma ya bega la bibi harusi.

Mheshimiwa Waziri, hili sasa ni lako zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda, pamoja na mengine, mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Ni kifungu kizuri. Aliyekiandika alijua kwamba nyumba inaweza kwenda, mlango ukabaki. Lakini niambie, mlango ukishang'olewa na kupakiwa kwenye kontena, nani atathibitisha kwamba ulikuwepo 1939? Utathibitishwa na picha. Picha ya mtu wa kawaida aliyepita pale Jumapili moja, ikiwa na namba ya nyumba, tarehe, na mfaa, ule ubao uliosimama katikati ya mlango, ukionekana mpaka chini. Maofisa wako wa Mambo ya Kale hawawezi kufika kila kichochoro cha Bagamoyo, Kilwa, Pangani na Kariakoo. Sisi tunafika, kwa miguu yetu na kwa nauli yetu, halafu tunaambiwa tufute.

Ng'ambo, Unguja, wanajua gharama ya jambo hili. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi ya 2020. Fundi anayetaka kurudisha jengo la namna ile anahitaji kujua nguzo ilikaa wapi, nakshi ya reli ilikuwaje, dari ilipigwaje. Vipimo huchukuliwa jengo likiwa limesimama, na pale ambapo hakuna aliyepima, picha ndiyo futi kamba iliyobaki. Bahati ya Beit al-Ajaib ni kwamba liko Forodhani na kila mtalii amelipiga. Nyumba ya bibi yangu haikuwa na mtalii.

Na usidhani ni majengo ya kale tu. Soko la Kariakoo lilifunguliwa 1975, ni kazi ya Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu. Ile miavuli yake ya zege, iliyofunguka juu kama uyoga na kupokea mvua, wengi wetu tumepita chini yake maisha yote tukishika mifuko bila kuinua macho. Mimi niliinua kwa sababu mwalimu wangu wa kuchora alitupeleka pale akatulaza chali sakafuni, wachuuzi wakitucheka, tuone jinsi uzito unavyoshuka kwenye nguzo. Julai 2021 soko likaungua. Usiku ule nilitafuta picha zangu za ndani, za kule juu na za shimoni. Nilikuwa na nne. Nne, za jengo nililolipita labda mara elfu tano! Mara mbili niliwahi kukatazwa na walinzi, mara nyingine zote nilijikataza mwenyewe, kwa kuogopa kukatazwa. Hofu inafanya kazi hata mlinzi akiwa amelala.

Hoja ya watu. Mama ntilie ana haki ya kusema asipigwe akiwa anakuna nazi. Mtu anayetoka msikitini au kanisani, mgonjwa anayesubiri gari nje ya hospitali, mtoto wa shule: hawa si mapambo ya mtaa. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake tulikuwa na adabu. Mimi nikiona mtu barazani nasalimia kwanza, naomba. Mara nyingi naambiwa "piga tu baba, ila subiri nivae kanga nyingine", na hapo asubuhi yote imekwisha kwa chai na historia ya nyumba, ambayo ni bora kuliko picha. Akikataa, naenda zangu. Wapo vijana wanaosukumia watu simu usoni ili wapate wafuasi mitandaoni. Wakanyeni hao, nitawaunga mkono. Ila ukuta haujawahi kuona haya.

Kuna kitu kingine nataka kukisema ingawa hakitapendeza. Asubuhi moja pale kwenye sanamu ya Askari, ile ya 1927, nilikuta kundi la wageni na kamera zenye lenzi ndefu kama bomba la maji, wanapiga pande zote, sanamu, mitaa, majengo ya serikali yaliyo jirani. Mlinzi akawasaidia kuvuka barabara. Nilipotoa kakamera kangu, yule yule akanifuata kuniuliza natoka wapi. Nikamjibu, "Mchikichi." Simlaumu sana. Mgeni ana sababu inayoeleweka, ni mtalii. Mtu mweusi wa umri wangu, kandambili au raba, anapiga picha roshani mbovu: lazima ana ajenda. Hatujazoea kuona mwenyeji akiutazama mji wake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya bilioni.

Kwanza, Kamanda, tuandikieni orodha. Maeneo ambayo kupiga picha ni marufuku yatajwe kwa jina na kwa mipaka, ibandikwe ofisi za serikali za mitaa, na kila eneo liwe na kibao kinachoonekana, kamera iliyopigwa mstari, kama vile vya "usivute sigara" kwenye vituo vya mafuta. Pasipo na kibao, mtu aliyesimama barabarani asiulizwe kibali ambacho hakipo. Na ofisa wa kiraia anayetaka kukagua kamera ya raia aonyeshe kitambulisho kabla hajaonyesha kidole. Kuhusu walinzi wa makampuni binafsi, mamlaka yao yanaishia kwenye ukuta wa tajiri wao. Waambieni hivyo kwa maandishi, na neno "futa" liondoke midomoni mwao kabisa. Kijana yule wa getini hana kosa kubwa. Analipwa kidogo, amesimama saa kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia nini kinaruhusiwa. Asiyeambiwa chochote hukataza kila kitu, ndiyo usalama wake.

Wewe Mkurugenzi, nakuomba jambo ambalo ni rahisi zaidi, na ndilo ninalolitaka kuliko yote. Jengo halivunjwi bila kibali chako. Weka sharti moja kwenye fomu hiyo hiyo ya kibali: kabla nyundo haijaanguka, picha zipigwe. Uso wa mbele, pande, nyuma, paa, ngazi, mlango mkuu ukiwa umefungwa na ukiwa wazi, na kama kuna maandishi ya saruji, yapigwe asubuhi jua likiwa pembeni. Futi kamba iwekwe ndani ya picha. Nakala moja ibaki jijini, nyingine iende Nyaraka za Taifa pale Upanga, nyingine Maktaba Kuu ambako mwanafunzi yeyote anaweza kuingia. Haimzuii mwenye kiwanja kujenga hata kwa siku moja. Mafundi mchundo wa mafunzo kwa vitendo mnao, wanakaa maofisini wanatumwa chapati. Watumeni picha. Na kama hamna wa kuwafundisha, wastaafu tupo, tumechoka kuambiwa tufuge kuku.

Tanga wameonyesha kwamba inawezekana kuanza na kidogo: ndani ya boma lao la zamani kuna makumbusho ya Urithi yenye picha za mji wa kale, na mtu anaingia akamwonyesha mjukuu duka la babu yake. Hapa kwetu, ndani ya Boma la Kale la miaka ya 1860, pale Sokoine Drive, tangu 2017 kuna kituo cha urithi wa majengo cha DARCH. Mahali pa kuzipokea picha zetu pameshapatikana. Picha ndizo zinazokwama njiani, getini.

Nimalizie na ratiba yangu, ili asiseme mtu nilivizia. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, saa moja kasoro robo nitakuwa Uhindini, mitaa miwili nyuma ya pale palipo na mabati ya bluu. Kuna nyumba nyingine, ndogo, ya mtu mmoja na kaka yake, fundi huenda ni yule yule: vijiti vya roshani vina shingo mbili na tumbo moja. Nitabeba hiki changu kwenye mfuko nilinganishe pete. Kileleni pana mwaka, nao wote uko salama, ila mwembe wa jirani umeufunika na inabidi usimame katikati ya barabara, magari yakiwa hayapo, uinue kamera juu ya kichwa. Ng'ambo yake pana geti na mlinzi. Kama barua hii itakuwa imemfikia, nitafurahi sana akinishikia mfuko.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchora ramani mstaafu, Dar es Salaam